Kupima kazi ya mkemia wa oganiki: safisha orodha kwanza, kisha hesabu

Nikiombwa kupima machapisho ya mkemia wa oganiki na jinsi yanavyonukuliwa, muda wangu mwingi huishia kwenye kusafisha orodha. Kuhesabu ni kazi ya dakika chache. Lakini namba iliyotoka kwenye orodha chafu humdhulumu mtu jasho lake, au humvisha sifa ya mwingine.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Anza na kitambulisho chake cha ORCID, chenye tarakimu 16. Jina kama Y. Wang hubebwa na wakemia wengi. Kama hana ORCID, linganisha taasisi, waandishi wenzake na aina ya mimenyuko anayoishughulikia. Ukikuta mtaalamu wa vichocheo vya paladi ana makala moja tu ya magonjwa ya moyo, ifungue uisome kabla ya kuihesabu.

Hatua ya 2: Chagua hifadhidata, uiandike

Google Scholar huzoa mengi, zikiwemo tasnifu na rasimu. Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza, kwa hiyo mara nyingi namba zao huwa ndogo zaidi. Usichanganye namba za huku na kule. Kila namba iandikie chanzo na tarehe uliyoichukua. Hataza nazo zitafute, SciFinder, hifadhidata ya kemia, inafaa sana kwa hilo.

Hatua ya 3: Unganisha makala zilizogawanyika

Hapa ndipo wakemia wa oganiki huumia. Jarida la Angewandte Chemie hutoka katika matoleo mawili, la Kijerumani na la kimataifa, na makala moja hupewa DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni) mbili: moja ina herufi "ange", nyingine "anie". Anayenukuu hutaja mojawapo, na hifadhidata huweza kuziona kama kazi mbili tofauti.

Tuseme orodha inaonyesha nukuu 31, 18, 9, 6, 4, 3 na 2. Fahirisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyohiyo. Hapa ni 4, kwa sababu makala ya tano ina nukuu 4 tu. Sasa ukagundua kwamba ile yenye nukuu 4 na ile yenye nukuu 3 ni makala moja katika matoleo mawili, na hakuna aliyetaja yote mawili. Ziunganishe: 31, 18, 9, 7, 6, 2. Fahirisi imekuwa 5, ingawa idadi ya makala imepungua. Kwa mtafiti kijana, tofauti hiyo si ndogo.

Hatua ya 4: Tenga aina za makala

Makala za mapitio ziweke kando, kwa kuwa kwa kawaida hunukuliwa kuliko ripoti za maabara. Usanisi kamili, yaani kuunda maabara molekuli inayopatikana katika viumbe hai, wa kiasilia kimoja kigumu unaweza kula miaka ya kazi na ukanukuliwa mara chache, kwani wanaohitaji molekuli hiyo ni wachache. Siwezi kuuweka kwenye mizani moja na mapitio. Toa pia nukuu za mtu kujinukuu. Scopus ina sehemu ya kuziondoa.

Hatua ya 5: Soma wanaomnukuu

Fungua makala kumi hivi zilizomtaja. Je, wametumia njia yake, au wametaja jina lake katika sentensi ya utangulizi pamoja na wengine kumi na watano? Kisha pakua mafaili ya nyongeza, yale yenye taratibu za majaribio na spektra za NMR (vipimo vya kutambua muundo wa molekuli). Mara nyingi humo ndimo mtu huandika kwamba kianzio, yaani kemikali ya kuanzia jaribio, kimetengenezwa kwa njia ya fulani, na marejeo ya humo kwa kawaida hayaingii kwenye hesabu ya hifadhidata. Ukiyakuta, yaandike kwenye ripoti kwa maneno, pamoja na DOI ya makala husika, ili anayeisoma aweze kuhakiki mwenyewe.