Laptop inayokwama kwenye video ya HD: anza na kodeki, RAM baadaye

Mtu akilalamika kwamba video za HD zinakwama kwenye laptop yake, jibu la haraka analopewa ni "ongeza RAM". Mara nyingi hela hiyo inapotea bure. Video ya 1080p (HD kamili) ikichezwa peke yake hula MB mia chache tu za RAM. Kinachoamua kama picha itateleza au itaruka ni ile chipu ndogo ya video iliyomo ndani ya prosesa: je, inaijua lugha ambayo video imefungwa nayo? Lugha hiyo ndiyo kodeki.

Video ni maelfu ya fremu zilizokandamizwa. Ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, laptop ina milisekunde 40 tu za kufungua kila fremu na kuichora kwenye skrini. Zikiwa 60, haifiki hata milisekunde 17. Fremu ikichelewa inatupwa, nawe unaona picha imeruka. Chipu ya video hufanya kazi hiyo kwa umeme kidogo na bila kelele. Isipoijua kodeki, mzigo wote unaangukia prosesa: feni inavuma, laptop inachemka, betri inaisha kabla video haijafika nusu.

Jua kwanza inakwama vipi

Kiduara kikizunguka katikati ya picha, tatizo ni intaneti, na hakuna mpangilio wa laptop utakaokusaidia. Picha ikiruka huku sauti ikienda vizuri, au sauti ikitangulia midomo, hapo ni kodeki au draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu. Video ikianza vizuri kisha ikaharibika baada ya dakika kumi au kumi na tano, mtuhumiwa ni joto. Na kama hata kishale cha mausi kinaganda, chunguza diski: Windows 10 juu ya diski ya zamani ya kuzunguka hujisomea mambo yake mpaka diski inafika asilimia 100. Dawa yake ni SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Hata ile ya GB 120 inatosha kwa mfumo.

Soma namba ya prosesa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua Settings, System, About. (Majina ya vitufe tunayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.) Kwa prosesa za Intel utaona kitu kama i5-4300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya nne. Kuanzia kizazi cha kumi soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni ya kumi na moja.

Kizazi cha pili hadi cha nne, yaani mashine za kuanzia 2011, chipu inajua kodeki ya H.264 vizuri kabisa, lakini ile mpya zaidi ya HEVC haijui. Kizazi cha sita, cha 2015, kinafungua HEVC ya kawaida ya biti 8 (kina cha rangi). Kizazi cha saba kinaongeza HEVC ya biti 10 pamoja na kodeki ya VP9. AV1 inaanza kwenye kizazi cha kumi na moja, 2020. Kwa AMD, Ryzen za laptop kuanzia mfululizo wa 2000 zinafungua HEVC na VP9.

Hapa ndipo wanunuzi wa laptop za mtumba wanapoteleza. Mtu anaona i7-4600U dukani, anaamini i7 ni i7, anaiacha Celeron N4000, prosesa ya bei nafuu ya Intel, iliyo pembeni yake. Kwa kazi nyingine i7 ile ni bora zaidi. Lakini iwekee kila moja video ya 4K (pikseli mara nne ya 1080p) ya HEVC: Celeron itaicheza kwa utulivu kwa sababu chipu yake inaijua kodeki hiyo, na i7 itahangaika. Kama unanunua laptop hasa kwa ajili ya video, nenda kizazi cha saba au zaidi, hata kama ni i3.

Draiva: mahali penye makosa mengi

Laptop ikishapigwa Windows upya, mara nyingi draiva ya grafiki haiwekwi. Skrini inawaka, rangi zipo, kila mtu anadhani kazi imekwisha. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta maneno Microsoft Basic Display Adapter, umempata mwizi wako. Hiyo ni draiva ya dharura: inachora skrini tu, na chipu ya video haiguswi. Panapaswa kuandikwa kitu kama Intel HD Graphics 4000 kwa kizazi cha tatu, 4400 kwa cha nne, au 520 kwa cha sita.

Unganisha intaneti, fungua Windows Update, ruhusu itafute draiva, kisha washa upya. Isipopatikana, geuza laptop, soma modeli kwenye kibandiko cha chini, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Faili linaweza kufika MB mia kadhaa, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa na bando la kutosha au kwenye Wi-Fi. Usipakue "draiva booster" wala vifurushi vya kodeki vya bure. Vinagombana wenyewe kwa wenyewe na kuacha matangazo kwenye mashine.

Mpangilio wa VLC

VLC, programu ya bure ya kucheza video, ina kodeki zake ndani, haihitaji nyongeza. Nenda Tools, Preferences, Input / Codecs. Kwenye Hardware-accelerated decoding weka Automatic, bonyeza Save, funga programu na uifungue tena. Picha ikitoka kijani au nyeusi, rudi uchague DXVA 2.0.

Sasa hakiki, usiamini macho peke yake. Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J. Kwenye ukurasa wa Codec utaona kama ni H264, HEVC au nyingine. Hamia Statistics, uangalie mstari wa fremu zilizopotea, Lost. Zikipotea tatu nne mwanzoni si neno. Namba ikiendelea kupanda kila sekunde, laptop imezidiwa. Kisha fungua Task Manager, Performance, GPU (grafiki), utazame mchoro wa Video Decode. Ukipanda huku CPU (prosesa) ikibaki chini, chipu inafanya kazi yake. Ukilala sifuri na CPU ikawa juu ya asilimia 80, prosesa ndiyo inabeba mzigo. Kwa mashine za kizazi cha pili na cha tatu ukurasa wa GPU hautokei. Tumia CPU kama kipimo.

Kuna chaguo moja hapohapo Input / Codecs linaloweza kuokoa mashine dhaifu: Skip H.264 in-loop deblocking filter. Ukiweka All, prosesa inapunguziwa kazi, ila picha itaonyesha vijisanduku kwenye sehemu zenye giza na mwendo. Tumia pale tu prosesa inapobeba video yenyewe.

YouTube

YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1 kwa sababu zinabana data. Laptop ya kizazi cha nne haizijui zote mbili. Bonyeza kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, usome mstari wa Codecs: vp09 ni VP9, av01 ni AV1, avc1 ni H.264. Kama unaona vp09 au av01 na dropped frames (fremu zilizotupwa) zinaongezeka, weka kwenye brauza nyongeza iitwayo h264ify. Ukishapakia ukurasa upya, mstari utasoma avc1 na feni itatulia. Gharama yake: mwisho wa H.264 pale YouTube ni 1080p, na bando linaliwa zaidi kidogo. Hakikisha pia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya System, kitufe cha graphics acceleration kimewashwa.

Kabla ya kung'ang'ania 1080p, pima skrini yako. Laptop nyingi za ofisi zinazouzwa mtumba zina skrini ya 1366 kwa 768, yaani pikseli milioni moja na kidogo. Video ya 1080p ina milioni mbili na zaidi. Nusu ya pikseli unazolipia bando zinatupwa kabla hazijafika machoni. Kwenye skrini hiyo chagua 720p bila kujuta. Kwa kasi, YouTube inashauri Mbps 2.5 kwa 720p na Mbps 5 kwa 1080p, na hiyo ya pili ni zaidi ya GB 2 kwa saa. Ukitumia hotspoti ya simu, weka simu dirishani, na kama zote mbili zinakubali, tumia mawimbi ya 5 GHz badala ya 2.4.

Joto na chaja

Moshi mwezi wa Februari, au Arusha wakati wa kiangazi vumbi linapotanda, laptop iliyokaa miaka mitano bila kufunguliwa huwa na blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya kupozea. Ukiitazama kupitia tundu la pembeni kwa tochi ya simu unaliona: kijivu, limeshikana kama pamba. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo video iliyoanza vizuri inapogeuka. Programu ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi hizo.

Zima, chomoa chaja na betri, fungua mfuniko wa chini. Zuia feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza, maana blowa ikiizungusha kwa kasi beringi inaharibika. Ukifika kwenye prosesa, futa pesti ya zamani iliyokauka kwa spiriti kali, asilimia 90 kwenda juu, weka mpya ya ukubwa wa punje ya mchele, funga skrubu kwa kuvuka kutoka kona moja hadi ya upande wa pili. Wala usitazame video laptop ikiwa juu ya blanketi. Tundu la hewa liko chini.

Chaja nayo ina neno. Laptop nyingi za Dell zina pini nyembamba katikati ya tundu la chaja, kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Chaja isiyotambulika, au pini iliyopinda, na laptop inakataa kujaza betri na kushusha kasi ya prosesa. Wakati wa kuwasha hutokea onyo kwamba aina ya chaja haijulikani. Watu wengi hubonyeza na kuendelea. Kama video inakwama hata ukiwa umechomeka kwenye umeme, soma onyo hilo. Na ukitumia betri, bonyeza alama ya betri kwenye skrini, telezesha kutoka Battery saver kwenda upande wa Best performance.

RAM ina nafasi yake hapa mwishoni: grafiki ya Intel huazima RAM ya mashine, hivyo vijiti viwili vya GB 4 vinaenda kasi kuliko kimoja cha GB 8. Kwa kizazi cha nne nunua DDR3L ya volti 1.35, DDR3 ya kawaida haifai.

Video za kipaimara na za safari

Malalamiko mengi Kaskazini yanatoka hapa. Sherehe imekwisha, flashi imeletwa, na video haichezeki. Au mwongoza watalii amepewa na mgeni vipande vya mlimani vilivyopigwa kwa kamera ndogo ya GoPro au kwa iPhone. Mara nyingi hivyo huwa HEVC, vingine 4K, mara nyingine biti 10.

Mwambie mpiga video mapema: nataka nakala ya MP4, H.264, 1080p, kati ya Mbps 8 na 12. Inachezeka karibu kila mahali. Mwenye iPhone aende Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible kabla hajaanza kupiga. Kama faili limeshafika, tumia HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video: lifungue, chagua Fast 1080p30 au Fast 720p30, hakikisha kwenye Video pameandikwa H.264 na RF (kipimo cha ubora) kati ya 20 na 22, bonyeza Start. Laptop ya zamani inaweza kuchukua usiku mzima kwa video ya saa mbili. Iache kwenye umeme, mahali penye hewa, na usifute faili la asili.

Flashi ikikataa kupokea faili linalozidi GB 4, imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa faili. Hamisha vilivyomo, ifomati kuwa exFAT, kisha nakili. Angalia kwanza kama TV utakayoitumia inasoma exFAT; nyingine hazisomi.

Ukiunganisha laptop na TV kwa HDMI, bonyeza Windows na P, chagua Second screen only. Duplicate inailazimisha grafiki kuchora skrini mbili, na mara nyingi inaishusha TV ifuate 1366 kwa 768. Video ikiwa ya fremu 25, fungua Display settings, Advanced display, uweke TV kwenye Hz 50. Kwa Hz 60 hesabu haigawanyiki sawasawa, na kamera ikipita taratibu juu ya wageni utaona mtikisiko mdogo ambao si kosa la laptop. Kwa Hz 50 kila fremu inaonyeshwa mara mbili kamili, na mtikisiko unakwisha.