Kimbia, tembea, kimbia: jinsi ya kuanza mbio Dar bila kukata pumzi

Wengi wanaoacha mbio hapa mjini hawaachi kwa uvivu. Siku ya kwanza wanatoka kama wamefukuzwa na mbwa, dakika ya tano pumzi imekata, kesho yake hata kushuka ngazi ni shida, na raba zinarudi chini ya kitanda. Wageni wanaojiunga na kikundi chetu cha mazoezi mimi huwaanzisha tofauti: unakimbia kidogo, unatembea kidogo, unakimbia tena. Aliyeieneza njia hii ni Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akawa anafundisha watu ambao hawajawahi kukimbia.

Kinachotakiwa ni kutembea kabla hujachoka. Ukisubiri mpaka uhemee juu juu ndipo utembee, umeshachelewa. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, lakini kano na mifupa huchukua muda mrefu zaidi, na unapokimbia, kila ukikanyaga mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Vipande vya kutembea vinapunguza mzigo huo na kuupoza mwili. Hilo la kupoza kwa Dar si dogo. Hewa yetu ina unyevunyevu mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu.

Hatua ya 1: Afya na raba

Kama una presha, sukari, tatizo la moyo au ujauzito, muone daktari kwanza.

Raba za mtumba zinafaa kabisa, ila zikague. Kunja kiatu: kinatakiwa kukunjika penye vidole, si katikati. Bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama haina sponji ndani, iache. Halafu geuza utazame kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja, huo ni mwendo wa mwenye nacho wa kwanza, na goti lako ndilo litakaloulipia.

Hatua ya 2: Muda na njia

Anza saa 12 asubuhi, kukipambazuka. Ikifika saa 2 uwe umeshaoga, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Gizani sikushauri: mitaro isiyofunikwa ni mingi, na bodaboda nyingine zinapita palepale wanapopita waenda kwa miguu.

Tafuta mahali tambarare. Barabara ya Toure kando ya Coco Beach ni nzuri. Daraja la Tanzanite lina njia ya miguu na upepo wa bahari, ndiyo maana wikiendi linajaa wafanya mazoezi. Lakini kama unakaa Mbagala au Gongo la Mboto, usihangaike na daladala alfajiri yote hiyo. Uwanja wa mpira wa mtaani kwenu unatosha, na udongo ni laini kwa magoti kuliko lami. Ukikosa uwanja ukalazimika kutumia barabara, kaa upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja. Ufukweni nenda maji yakiwa yamekupwa, mchanga umeshikana. Mchanga mkavu unaozama waachie waliozoea.

Hatua ya 3: Kipimo

Tembea kwa haraka dakika 5. Kisha kimbia sekunde 30, tembea sekunde 90. Rudia mara 8. Malizia kwa kutembea dakika 5. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, usiunganishe siku mbili mfululizo. Weka kengele ya simu au programu ya kupima vipindi. Huna? Tumia nguzo za umeme: kimbia nguzo moja, tembea mbili.

Hatua ya 4: Kukimbia kwenyewe, na kutembea kwenyewe

Kwa kuwa kipande ni kifupi, wengi wanakitimua kwa kasi. Hapana. Mwendo ni ule wa mchakamchaka wa shule ya msingi, na mchakamchaka ulikuwa na nyimbo. Kama huwezi kuimba hata mstari mmoja, punguza.

Kutembea nako si kule kwa kutoka dukani na mkate. Viwiko vikunjwe kidogo, hatua ziwe fupi na za haraka, kichwa juu. Usikate mbio ghafla. Punguza taratibu, ndipo utembee. Na kengele ikilia, tembea hata kama unajisikia unaweza kuendelea. Hasa kama unajisikia hivyo.

Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu, au baridi inakutambaa ilhali jua linawaka, acha papo hapo, kaa kivulini, unywe maji na kujimwagia.

Hatua ya 5: Kupandisha

Baada ya wiki mbili, kama huna maumivu, kimbia dakika moja, tembea dakika moja. Kisha mbili za mbio kwa moja ya kutembea, halafu tatu kwa moja. Ukiongeza kipande cha mbio, usiongeze na muda wote wa zoezi wiki hiyohiyo. Ugoko ukianza kuuma, rudi kipimo cha nyuma. Maumivu yakibaki hata ukitembea, pumzika.

Utakapotembea, vijana wa kijiweni watakuuliza, "Bosi, gari limezima?" Wapungie mkono, kengele inayofuata haiko mbali. Ukiwa kwenye kikundi, kaa nyuma ya msafara na uinue mkono kabla ya kuanza kutembea, aliye mgongoni asikuvae.

Ukijiandikisha mbio za kilomita 5 au 10, tumia kipimo kilekile ulichozoea, tangu mita za kwanza, muziki ukipigwa na watu wakikupita kwa mamia. Simama nyuma kabisa pale mwanzo, na kipande kimoja cha kutembea kiangukie kwenye meza ya maji, unywe bila kujimwagia puani.