Umeleta familia Ujerumani? Karatasi zifuate mpangilio huu

Watu wengi wakishaipokea familia eapoti wanashusha pumzi wakidhani viza ndo ilikuwa vita yenyewe, kumbe karatasi ndo kwanza zinaanza. Na kwa Ujerumani shida sio kwamba misaada ya serikali haipo, ipo mingi tu, shida ni kwamba karatasi moja inazaa nyingine na ukiruka moja basi huko mbele kote kunagoma. Kwaiyo nitaandika kwa jinsi mambo yanavofuatana, sio kwa ukubwa wa hela. Naandika kwa ajili ya yule aliyetangulia na sasa anapokea mwenzi wake na watoto, awe mume au mke, maana siku hizi nesi anatangulia na mume ndo anamfuata.

Kabla hawajapanda ndege: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, tafsiri za Kijerumani zilizofanywa na mtafsiri aliyeapishwa, kadi za kliniki za watoto zenye chanjo zote, na ripoti za shule. Vyote hivi viwe kwenye begi la mkononi, tena skani kila kimoja ujitumie kwa imeili. Usiache kitu kwa kusema tutaagizia baadae.

Wakishafika, cha kwanza kabisa nenda kwenye sanduku la barua pale chini. Nasema kweli. Sisi majina yetu yako tofauti, mama ana jina la baba yake, mtoto ana jina la babu, baba ana lake, unakuta nyumba ya watu wanne ina majina ya ukoo matatu na kwenye sanduku limebandikwa moja tu la mwenye mkataba. Mpeleka barua wa huku hakisii kwamba ni familia moja, akikosa jina anairudisha. Na karibu kila kitu muhimu kinakuja kwa posta, kwa jina la muhusika mwenyewe, hata kama muhusika ana miezi minane na bado ananyonya. Andika majina yote kama yalivo kwenye paspoti, bandika kwenye Briefkasten na kwenye kengele ya mlango pia. Ni kazi ya dakika tano na itakuokoa miezi.

Alafu Anmeldung, yani kuwaandikisha kwenye anwani yako. Sheria inasema ndani ya wiki mbili tangu wahamie. Utahitaji Wohnungsgeberbestätigung, ni fomu anayosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba watu hawa wamehamia kwake, mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake kwaiyo usiende nao ukadhani umemaliza. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba familia inakuja, asije akashtukia tu viatu vya watoto mlangoni. Kwenye miji mikubwa apointimenti za Bürgeramt (ofisi ya jiji inayoandikisha wakazi) ni mtihani, angalia ofisi zote za jiji sio ile ya mtaa wenu tu, na angalia asubuhi mapema maana watu wakikansel nafasi zinarudi. Ukikosa ndani ya hizo wiki mbili chukua ya mbali iliyopo na utunze uthibitisho wake.

Siku hiyo hakikisha cheti cha ndoa mnacho mkononi. Mara nyingi mtu anaandikishwa bila kuonekana kuwa ana ndoa, na matokeo yake yule anayefanya kazi anaendelea kukatwa kodi kwa Steuerklasse 1 (daraja la kodi) kama mseja. Mkishaandikishwa kama wanandoa mnaoishi pamoja mnaingizwa kwenye daraja la 4 wote wawili, na kama mmoja tu ndo ana kipato mnaweza kuomba Finanzamt, ofisi ya kodi, iwe 3 na 5, hapo mshahara wa mkononi unapanda kila mwezi. Na kabla hamjaondoka dirishani soma herufi za majina moja moja kwenye ile karatasi mliyopewa, kwa sababu kosa la hapo linasafiri kwenda kwenye kodi, bima, shule, kila mahali.

Baada ya Anmeldung subirini barua za Steuer-ID, namba ya kodi ya tarakimu 11, kila mtu na yake. Hizi msizichezee, bila hizo Kindergeld, hela ya watoto ya kila mwezi, haiendi.

Wakati mnasubiri, bima. Kama uliyepo kazini uko kwenye bima ya umma kama AOK au TK, mwenzi asiye na kipato (au mwenye kipato kidogo chini ya kiwango chao) na watoto wanaingia bure kwenye bima yako, inaitwa Familienversicherung. Unapiga simu au unajaza kwenye apu ya bima yako, unaambatanisha cheti cha ndoa na vya kuzaliwa, basi. Ukiwa kwenye bima ya binafsi hesabu ni nyingine kabisa, kila mtoto analipiwa chake. Msisubiri mtu aumwe ndo mjaze. Na daktari wa watoto anzeni kutafuta wiki hiyohiyo, wengi wanakwambia hawapokei wagonjwa wapya, unapiga kumi unapata mmoja, ndo hali ilivo.

Kibali cha kuishi nacho kina saa inayotembea. Viza waliyoingilia ina tarehe ya mwisho, na maombi ya Aufenthaltstitel, kibali chenyewe, lazima yafike Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) KABLA ya hiyo tarehe, hata kama apointimenti yenyewe itakuja miezi mitatu mbele. Ukiwa umeomba kwa wakati unaweza kudai Fiktionsbescheinigung, karatasi inayoonyesha kwamba mko kihalali mkisubiri. Ukiomba siku moja baada ya viza kuisha, hiyo ni kesi nyingine na hutaitaka. Na mwenzi aliyekuja kwa kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi, asikae nyumbani mwaka mzima kwa sababu mtu fulani kwenye grupu la WhatsApp alisema hairuhusiwi.

Sasa hela. Kindergeld ni euro 259 kwa mwezi kwa kila mtoto tangu Januari 2026, mwaka 2025 ilikuwa 255. Inaombwa Familienkasse, ofisi inayoilipa, onlaini au kwa fomu, na kuomba ni bure, ukiona websaiti inakuchaji kwa kukujazia fomu toka hapo. Wanahitaji Steuer-ID yako na ya mtoto, kibali cha kuishi na IBAN, yani namba ya akaunti ya benki. Aina ya kibali inaangaliwa, aliyekuja kusoma chuo kwa mfano ana masharti ya ziada, mwenye kibali cha kazi kwa kawaida hana shida. Wanalipa nyuma miezi sita tu, kwaiyo aliyelala mwaka mzima amepoteza nusu. Na swali linaloulizwa kila siku: mtoto aliyebaki nyumbani Afrika Mashariki kwa bibi halipwi, hata kama wewe unalipa kodi hapa na ada unatuma kila muhula. Inauma lakini ndivyo ilivo, mtoto lazima awe anaishi hapa (au ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya na chache za jirani).

Kama mnafanya kazi ila mshahara hautoshi kuna Kinderzuschlag, hadi euro 297 kwa mtoto kwa mwezi, wanandoa mnatakiwa kuwa na kipato cha angalau euro 900 kabla ya makato na mzazi aliye peke yake 600. Hii watu wengi hawaijui kabisa wakati ndo inayobeba mengine: ukiipata unaondolewa ada ya chekechea, na mnapata pia Bildung und Teilhabe, ambayo inatoa euro 195 kwa mwaka kwa vifaa vya shule, chakula cha mchana cha shuleni, na euro 15 kwa mwezi kwa mambo kama klabu ya mpira au muziki.

Najua hapa mtu anasema mimi sitaki kugusa hela za serikali zitaniharibia kibali. Woga huu una ukweli nusu. Sheria ya ukaazi inaangalia kama mnajitegemea, ila imetaja waziwazi kwamba Kindergeld, Kinderzuschlag na Elterngeld (hela ya mzazi anayelea mtoto mchanga) hazihesabiwi kama utegemezi. Kinachohesabiwa ni ile hela ya kuishi ya Jobcenter (ofisi ya ajira), ambayo wengi wanaijua kwa jina la Bürgergeld. Hiyo kabla hujaomba kaa kwanza na mshauri. Washauri wapo wa bure wanaitwa Migrationsberatung, chini ya mashirika kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu, na vijana wa miaka 12 hadi 27 wana wa kwao, Jugendmigrationsdienst. Hawa wamesomea hayo mambo, watakusomea hata barua. Yule kaka wa kanisani aliyekuja zamani ana nia nzuri, lakini sheria anazozijua ni za wakati wake.

Watoto. Shule ni lazima kisheria, hamna kusema akae kwanza nyumbani azoee lugha, na ambaye hajui Kijerumani mara nyingi anawekwa darasa la maandalizi, kila jimbo lina jina lake. Chekechea, Kita, mtoto akifikisha mwaka mmoja ana haki ya nafasi, ni sheria tangu Agosti 2013, ila haki iko kwenye karatasi na nafasi ziko mbali, kwaiyo andikisha Kita nyingi kwa pamoja, hata kabla hawajafika kama mji wenu unaruhusu. Mtapigwa chenga kwenye surua: tangu Machi 2020 mtoto haingii Kita bila uthibitisho wa chanjo ya surua, na akishafika miaka miwili wanataka dozi mbili. Ile kadi ya kliniki ya nyumbani ipelekeni kwa daktari aihamishie kwenye kitabu cha njano cha chanjo.

Lugha: mwenzi anayejiunga na familia ana haki ya Integrationskurs, kozi ya lugha na maisha ya huku, kwa kawaida masaa 600 ya lugha na 100 ya kujua nchi, lengo ni kufika B1, kiwango cha kati cha lugha. Mnaomba cheti cha haki hiyo palepale Ausländerbehörde. Kuna mchango mnaolipa lakini kipato kikiwa kidogo mnaweza kuomba msamaha wa hiyo ada, ombeni kabla kozi haijaanza.

Na hili naliomba kwa aliyetangulia: mpe mwenzako faili lake mwenyewe, akaunti yake ya benki, na pasiwedi za maombi yake. Sio kwa sababu hamuaminiani. Ukilazwa wiki mbili nani atajibu barua? Kuna nyumba pia ambazo mtu anatishiwa atarudishwa kwao akifungua mdomo, ajue kwamba baada ya miaka mitatu ya kuishi kwenye ndoa hapa anaweza kupata kibali cha peke yake, na akiwa anapigwa sheria inaruhusu hata kabla ya hapo. Namba ya wanawake ni 116 016, bure, masaa 24, na wana wakalimani.

Usishangae baada ya wiki chache mwenzako akipata barua yake ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Msilipe mara mbili, ni moja kwa nyumba, jibuni tu kwa kuandika Beitragsnummer (namba ya mlipaji) yako wewe unayelipa. Ila msiitupe, ukinyamaza wanamfungulia akaunti na deni linaanza kukua. Bahasha ya njano nayo haisubiri, mpeleka barua ameandika tarehe juu yake na siku zinahesabiwa kuanzia hapo, muwe mmeifungua au la. Mkikataliwa kitu mara nyingi mna mwezi mmoja wa kupinga kwa maandishi, ukurasa wa mwisho wa barua unasema mpinge wapi.

Mkija kuhama nyumba mnaanza upya na Anmeldung alafu mnawaandikia Familienkasse, bima na Ausländerbehörde. Kuandikishwa Bürgeramt hakumaanishi wengine wamejua.