Kusoma mashapo ya bahari ya Antaktika: kuanzia kupasua bomba hadi kuhesabu punje

Kazi hii ni kuhesabu, katika tope la sakafu ya bahari, punje zilizodondoshwa na siwa barafu, yaani mapande makubwa ya barafu yanayoelea baharini. Mwanafunzi wa jiolojia aliyeko Kampala si lazima apande meli ili ajifunze. Tope la ziwa la kreta kule Fort Portal, likitolewa kwa bomba la PVC, linatosha kuzoeza mkono kabla hujakabidhiwa mashapo yaliyovuka bahari.

Bomba lililojaa tope la sakafu ya bahari hukatwa melini vipande vya takriban mita moja na kuzibwa pande zote mbili. Kwanza tazama mshale unaoonyesha juu. Kipande kikigeuzwa, historia inasomwa kinyumenyume, na pengine hutagundua mpaka umri wa matabaka ukatae kupangika. Hifadhi mashapo kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Usiyatie kwenye friza: maji yaliyomo yakiganda huvuruga matabaka.

Pasua plastiki kwa urefu pande zote mbili, kisha pitisha waya mwembamba katikati ya tope. Nusu moja huwekwa akiba bila kuguswa. Nyingine ikwangue kwa kisu butu kutoka ubavu hadi ubavu, kamwe si kwa urefu, maana utaburuta tope la tabaka moja hadi jingine. Piga picha papo hapo. Weusi na ukijani hugeuka kahawia hewa ikishaingia.

Kwenye sakafu ya bahari karibu na pwani ya Antaktika, mpangilio wa kawaida kutoka chini ni huu: tope gumu lililochanganyika na mawe ya kila ukubwa, alama ya barafu iliyokwaruza sakafu, juu yake tope lenye kokoto chache, kisha tope la kijani lililojaa dayatomu (mwani mdogo sana), la bahari isiyofunikwa na barafu. Mradi wa uchimbaji wa ANDRILL, uliochimba mita 1,285 chini ya sakafu ya bahari karibu na kituo cha McMurdo, Antaktika, mwaka 2006–2007, ulikuta zamu kama hizo zikijirudia. Mbele ya barafuto za Rwenzori vifusi kama hivyo vya tope na mawe utavikanyaga kwa mguu.

Sasa kazi yenyewe. Kata sampuli katikati ya bomba. Tope la pembeni limeburuzwa. Kausha chini ya nyuzi 50 na upime uzito. Loweka kwenye maji hadi lilegee lenyewe, usilitwange, kisha lioshe taratibu juu ya chekeche la mikromita 63. Asidi isikaribie ikiwa unataka foraminifera (viumbe wadogo sana wa baharini), kwani magamba yao ni chokaa. Kausha kilichobaki, chekecha tena kwa mikromita 150, uhesabu punje za kwatzi na vipande vya miamba chini ya hadubini. Magamba, kioo cha volkano na vinundu vilivyoota humohumo havihesabiwi.

Wengi hukosea kwenye hesabu kwa kuishia na idadi ya punje kwa gramu. Tuseme gramu 12 zimetoa punje 48, yaani 4 kwa gramu. Zidisha kwa msongamano wa tope kavu, tuseme gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo, na kwa kasi ya kujilimbikiza, sentimita 5 kwa miaka 1,000. Unapata punje 16 kwa kila sentimita ya mraba kwa miaka 1,000. Kasi ikiwa sentimita 0.5, punje zilezile 4 zinageuka 1.6. Tabaka lenye changarawe nyingi laweza kuwa tu mahali ambapo tope laini lilikosekana, au mkondo ulilipeperusha.

Wala si kila punje ililetwa na siwa barafu. Maporomoko ya chini ya bahari huacha mchanga uliopangika, mkubwa chini na mdogo juu, na mara nyingi mpaka wake wa chini ni mkali kama umekatwa. Jiwe lililodondoka kutoka kwenye siwa huketi peke yake, na matabaka yaliyo chini yake yamebonyea. Siwa likikwaruza sakafu huchanganya kila kitu. Hapo acha, tafuta bomba jingine.

Umri, unaopimwa kwa kaboni ya mionzi, nao una mtego. Maji ya Antaktika yana kaboni ya zamani, hivyo kiumbe aliyekufa leo husomeka kama ana miaka zaidi ya 1,000. Foraminifera wakipatikana, pima hao kuliko tope zima, ambalo hubeba pia kaboni kongwe iliyosagwa na barafu kutoka kwenye miamba, kisha utoe ziada hiyo ya bahari.