Breki za Land Rover ya zamani: kijue kifaa kabla hujakinunua

Wadau mnaofufua magari ya zamani, naongelea Land Rover Series maana ndo ninayoijua. Niliitoa 109 moja (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma; fupi yake ni 88) shambani kwenye zabibu huku Mpunguzi, imekaa chini ya mti miaka, na kilichokula hela yangu si bodi wala injini, ni breki. Nilikuwa naagiza Dar "silinda ya breki ya Land Rover", kifurushi kinakuja na basi mpaka Dodoma, nafungua, haiingii.

Anza na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi. Toa tairi, toa dramu, pima upana wa ndani kwa tepu. 88 nyingi ni inchi 10 yani milimita 254, 109 ni inchi 11, kama 279. Usikariri kwa kuangalia urefu wa gari, hizi gari zimebadilishwa ekseli sana huko zilikopita.

Halafu angalia tairi za mbele. Ukikuta silinda mbili kwenye tairi moja zimeungwa na kapaipu kafupi, hiyo ni mbele ya 109, kila silinda inasukuma shuu yake (kile kipande kinachobana dramu kwa ndani). 88 ya kawaida ina silinda moja inayosukuma shuu zote mbili. Za mbele za 109 zina kushoto na kulia, kwa hiyo piga picha kabla hujafungua chochote. Sugua chuma kwa brashi ya waya utaona maandishi, Girling na mara nyingi saizi ya tundu, hiyo saizi ndo ya kumtumia muuzaji pamoja na picha. Masta (silinda kuu inayosukuma oili ukikanyaga pedo) ya breki na ya klachi nazo zinafanana sana kwa nje, soma saizi.

Sasa nati za paipu, hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo panapoua watu. Za zamani ni za inchi, 3/8, yani milimita 9.5, za baadae ni milimita 10 na meno yake yamekaribiana mno na yale ya inchi, kwa hiyo nati ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita inazunguka kabisa unaona imekaa, ukikanyaga breki kwa nguvu inachomoka. Pima kwa venia (kile kipimio cha kubana cha milimita) kila nati, na ikicheza hata kidogo kabla ya kukaza usiilazimishe.

Handbreki usiitafute kwenye tairi za nyuma, haipo. Ni dramu ndogo nyuma ya giaboksi, pale propela ya nyuma (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inapoanzia.

Kusafisha: najua gereji nyingi tunaosha kwa dizeli au petroli, ila raba za breki zikigusa hayo mafuta zinavimba na masta inanata. Tumia spiriti au oili ya breki yenyewe. Na lile vumbi la ndani ya dramu usilipulizie upepo hata kidogo, shuu za zamani zina asbesto, inaharibu mapafu, lowanisha kwa maji ufute na kitambaa ukitupe.

Ukishafunga, toa upepo kwenye paipu za breki ukianza na tairi iliyo mbali zaidi na masta, kanyaga pedo uishikilie dakika nzima, mwenzako awe chini anaangalia kila nati. Pedo ikishuka taratibu kuna sehemu inavuja au masta inapitisha oili ndani kwa ndani, usiende popote, achilia mbali kushuka mlima Nyang'oro na mzigo.