Lenzi Moja, Siku Mbili: Safari ya Wikendi ya Kuliamsha Jicho

Ukiona kila picha unayopiga inafanana na ya jana, usikimbilie kununua kamera mpya. Jicho limezoea. Safari ya wikendi inatosha kuliamsha, mradi uende mwepesi.

Hatua ya 1. Ijumaa beba lenzi moja tu, ya milimita 35 au 50. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa milimita 50. Kama unatumia simu, usiguse zumu kabisa: ukitaka kitu kiwe karibu, kifuate kwa miguu.

Hatua ya 2. Jiwekee picha 36 kwa siku, kama za mkanda mmoja wa filamu. Zima pia ile picha inayojitokeza kwenye skrini ukishabofya.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Jumamosi amka kabla jua halijachomoza, chagua mahali pamoja, ngazi au ukuta wa zamani, ukae saa nzima. Mwanzoni utapiga kile ambacho kila mgeni hupiga, kisha utachoka. Usiondoke! Jua la asubuhi likiupiga ukuta kwa ubavu, hata rangi iliyobanduka hutupa kivuli chembamba, na jua likipanda kivuli hicho hupotea. Tafuta mahali mwanga unapoangukia, panga fremu yako, weka fidia ya mwangaza (kitufe cha +/− kinachoifanya picha iwe angavu au yenye giza zaidi) kwenye −1 ili giza libaki giza, halafu subiri mtu aingie mwangani. Ukitaka kumpiga kwa karibu, msalimie na umwombe kwanza. Akikataa, shusha kamera.

Hatua ya 4. Jua la utosini likikukera, hamia kivulini ujaribu mwendo. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/30 ya sekunde, mfuate mwendesha baiskeli kwa kamera huku ukigeuza kiuno, na ubofye bila kusimama. Ukipatia, yeye atatoka safi na nyuma yake patakuwa michirizi mitupu. Nyingi zitaharibika, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 5. Jumapili jioni rudi palepale, upige ukiwa umeelekea upande mwingine.

Hatua ya 6. Usichague picha usiku huohuo. Bado utaipenda ile iliyokutoa jasho hata kama ni dhaifu. Ngoja siku kadhaa, kisha bakiza tano. Ya sita ikikung'ang'ania, itoe kwanza mojawapo ya hizo tano.