Namna ya Kumchagulia Kijana Kitabu Kipya Atakachokimaliza

Watu wazima wanaofika kwenye meza yangu huanza na umri. "Ana miaka 14, nitafutie kitabu." Mimi ni mkutubi, rafu ninayoitunza ni ya vijana wa miaka 12 hadi 18, na umri ndicho kitu cha mwisho ninachokitazama. Mmoja wa miaka 14 bado anataka majoka na panga. Mwenzake wa darasa hilohilo anataka kujua kwa nini watu waliopendana huachana. Kwa hiyo mimi huuliza hivi: mara ya mwisho kijana huyo alipokesha kwa hiari yake mwenyewe, alikuwa anafanya nini?

Jibu lolote linafaa, na aghalabu si kitabu. Kama alikuwa anacheza mchezo wa kupanga majeshi na kujenga falme, mtafutie fantasia yenye ramani kwenye kurasa za mwanzo. Kama alikuwa anasikiliza podikasti kuhusu mauaji yasiyotatuliwa, anahitaji upelelezi, tena ule ambao dalili zimefichwa kwa haki ili naye apate nafasi ya kumbaini muuaji. Kama alikuwa anasoma hadithi ndefu zinazoandikwa na mashabiki mtandaoni kuhusu wahusika awapendao, huyo ni msomaji aliyekomaa, na ukimwambia kwamba hasomi atakucheka moyoni. Mpelekee riwaya ya mapenzi au fantasia yenye wahusika wengi, usiogope unene. Na kama alikuwa anarudiarudia mashairi ya rap mpaka akayahifadhi, subiri, nitamfikia, kwa sababu huyo ndiye ninayempenda kumhudumia.

Ukishapata jibu, hakikisha kwamba kitabu ulichoshika ni kipya kweli. Majalada hudanganya. Riwaya ya miaka 20 iliyopita hubadilishiwa picha ya mbele, hasa ikitengenezewa filamu, na ikawekwa pamoja na zilizotoka mwezi huu. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo ambao kila mtu huuruka, utafute mwaka wa kuchapishwa kwa mara ya kwanza. Tazama pia ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu: tangu 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Ukikuta yenye tarakimu 10 peke yake, nakala hiyo ni ya kabla ya hapo. Na kama kitabu kina jalada gumu sasa, mara nyingi toleo la jalada laini, lililo jepesi kwa mkoba na kwa mfuko, hufuata baada ya mwaka mmoja hivi. Asiye na haraka asubiri.

Je, upya una maana yoyote? Inategemea utanzu. Hadithi ya kisasa kuhusu shule na urafiki huzeeka haraka, kwa sababu kijana wa leo akisoma kisa ambacho kingemalizwa na ujumbe mmoja wa simu, anakasirika kwa nini hakuna aliyetuma. Mapenzi nayo vivyo hivyo. Lakini riwaya ya kihistoria haichachi, na ya kutisha ikiwa nzuri inatisha hata baada ya miaka 30. Sababu kubwa ya kutafuta kipya ni marafiki: kitabu kinachosomwa na kundi zima wakati mmoja kinamsukuma hata mvivu, maana hataki kusimuliwa mwisho.

Sasa tanzu zenyewe. Sitazigawia nafasi sawa, kwa kuwa zingine zinajieleza.

Fantasia ndiyo inayoongoza kwa kuazimwa na ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Mtego wa kwanza ni mfululizo. Kabla ya kukitoa kitabu, angalia mgongoni kama kina namba, na kama ni cha pili au cha tatu, usikiguse hata kama ndicho pekee kilichobaki rafuni. Mtego wa pili ni mfululizo usiokwisha. Utatu wa Tomi Adeyemi, unaotumia ulimwengu wa kichawi wenye mizizi ya Kiyoruba, ulianza 2018, cha pili kikatoka 2019, cha tatu kikaja 2024. Aliyeanza akiwa na miaka 13 alikuwa na 19 alipofika mwisho. Leo vyote vitatu vipo, na hiyo ndiyo hali ninayoipenda: mfululizo uliokamilika, msomaji akimaliza kimoja usiku, kingine kinamsubiri asubuhi.

Mtego wa tatu ni vitabu vinavyorudi nyuma. The Hunger Games ya Suzanne Collins ilitoka 2008. Mwaka 2020 kikatoka kisa cha miaka 64 kabla yake, na Machi 2025 kingine cha miaka 24 kabla yake. Mtu akiona cha 2025 kinauzwa kama kipya, anamnunulia kijana ambaye hajawahi kukanyaga ulimwengu ule, naye anasoma bila kujua kwa nini jina fulani likitajwa anapaswa kushtuka. Fuata utaratibu wa kuchapishwa, si utaratibu wa miaka ya ndani ya hadithi. Mwandishi alipoandika cha karibuni alichukulia kwamba umeshavisoma vilivyotangulia.

Riwaya za kishairi ndizo dawa yangu ya wanaoapa kwamba hawapendi kusoma. Hadithi ni ndefu, lakini imeandikwa kwa beti, na kila ukurasa una maneno machache yaliyozungukwa na weupe. Kijana anaona kitabu kinene, anaogopa, kisha anajikuta amefika ukurasa wa 80 kabla ya chakula cha jioni. Usidharau nguvu ya jambo hilo: pengine hajawahi kufika ukurasa wa 80 wa kitu chochote. Long Way Down ya Jason Reynolds, ya mwaka 2017, ina kurasa zaidi ya 300, na karibu kisa chote kinatokea ndani ya lifti inayoshuka kwa sekunde 60, kijana akiwa na bastola na nia ya kulipiza kisasi. Si kitabu kipya tena, lakini ukishaona jinsi kinavyofanya kazi utajua cha kutafuta miongoni mwa vipya: mistari mifupi, sauti moja yenye hasira au huzuni, na jambo moja linalopaswa kuamuliwa. Mpe yule wa rap. Mwambie asome kwa sauti akiwa peke yake, kisha umwache.

Riwaya za picha, yaani zile zinazosimuliwa kwa michoro na maneno, bado zina maadui, hasa miongoni mwa wazazi wanaodhani kwamba picha ni za watoto wadogo. Wakinibishia huwaambia kwamba American Born Chinese ya Gene Luen Yang ilipata tuzo ya Printz mwaka 2007, tuzo ileile ya vitabu bora vya vijana inayotolewa na wakutubi wa Marekani, na ilikuwa riwaya ya kwanza ya picha kuipata. Kusoma uso wa mhusika ambao haukubaliani na anachosema ni kazi ya kichwa kama kazi nyingine. Kwa manga, yaani riwaya za picha za Kijapani, kumbuka mambo mawili. Zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ukurasa unaoudhani wa mwisho ndio wa kwanza. Na nyuma ya jalada baadhi ya wachapishaji huweka herufi: T ni ya miaka 13 na kuendelea, T+ ni 16, M ni ya watu wazima. Michoro ya M inaweza kufanana kabisa na ya T kwa nje. Angalia herufi, usiangalie macho makubwa ya mhusika.

Upelelezi na vya kutisha ninaviweka pamoja kwa sababu vinajaribiwa kwa namna moja: fungua sura ya kwanza uone ni lini jambo la kwanza lisilo la kawaida linatokea. Likichelewa kupita ukurasa wa 15, kijana mwenye simu mfukoni ameshaondoka. Vya kutisha viwe na mpaka. Muulize msomaji mwenyewe kama damu inamsumbua au kama kinachomsumbua ni vitu visivyoonekana. Wengi wanajua vizuri, ila hawajawahi kuulizwa.

Kuhusu mapenzi sina mengi. Soma maelezo ya jalada la nyuma, kisha fungua katikati usome mazungumzo ya wapenzi wawili. Kama wanaongea kama wanasheria, kirudishe. Bunilizi ya kisayansi nayo ni rahisi: chagua ile inayobadilisha kitu kimoja tu katika dunia yetu kabla ya kumpa ile yenye sayari 9 na faharasa ya majina.

Kweli, wapo wasiotaka hadithi za kubuni kabisa, na hawa husahaulika. Wape maisha ya watu, sayansi, uhalifu wa kweli, michezo. Kuna jambo la kuangalia hapa: vitabu vingi vya watu wazima hutengenezewa toleo la vijana, kwa jina lilelile. Kisa cha William Kamkwamba wa Malawi, aliyetengeneza mtambo wa umeme wa upepo kwa vyuma chakavu, kilitoka 2009 kwa watu wazima, kikatoka 2012 kama kitabu cha picha cha watoto wadogo, kisha 2015 likaja toleo la vijana. Jina ni The Boy Who Harnessed the Wind katika zote. Ukiagiza bila kutazama, kijana wako wa miaka 15 anaweza kuletewa kitabu cha picha cha mdogo wake, na hutamwona tena karibu na rafu kwa muda mrefu.

Orodha za tuzo zinasaidia ukijua pa kutazama. Printz kwa kawaida hutangazwa Januari, na siku hiyohiyo hutangazwa Morris, ambayo ni ya waandishi wanaotoa kitabu chao cha kwanza cha vijana. Mimi hupenda Morris zaidi, kwa kuwa ndipo sauti mpya zinapoonekana kabla hazijawa maarufu. Kwa wenye miaka 16 na kuendelea, tazama Alex: kila mwaka huchagua vitabu 10 vilivyoandikwa kwa watu wazima lakini vinavyowafaa vijana. Uingereza ina nishani ya Carnegie ya vitabu vya watoto na vijana, iliyoanzishwa 1936. Soma orodha ya walioteuliwa, usiishie kwa mshindi peke yake. Mshindi huchaguliwa na watu wazima, nao wana udhaifu wa kupenda huzuni iliyoandikwa vizuri. Kile kitabu cha kuchekesha kilichobaki nafasi ya nne huenda ndicho kitakachosomwa mpaka kichakae.

Kwa wanaosoma Kiswahili, fuatilia Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Si tuzo ya vijana, kwa hiyo pitia kwanza wewe mwenyewe, lakini imesaidia riwaya na diwani mpya kufika kwa wasomaji. Na msomaji wa lugha mbili achanganyiwe. Aliyechoka na Kiingereza cha fantasia nzito apumzike kwa diwani nyembamba ya Kiswahili, kisha arudi.

Umri uliochapwa jaladani, kama 12+ au 14+, ni makadirio ya mchapishaji kuhusu yaliyomo, si kipimo cha ugumu wa lugha. Kitabu cha 14+ kinaweza kuwa na sentensi nyepesi kuliko cha miaka 9. Kama una wasiwasi na maudhui fulani, soma dokezo la mwandishi mwanzoni. Siku hizi waandishi wengi huandika wazi kwamba ndani kuna kifo, ukatili au kujidhuru. Mwoneshe kijana dokezo hilo, aamue pamoja nawe. Ukimkataza kimyakimya, atakisoma kwa rafiki yake.

Sasa namna ya kumkabidhi. Usimpe kimoja, mpe vitatu vya tanzu tofauti: kimoja kinachofanana na anachokipenda, cha pili jirani yake, cha tatu kisichohusiana kabisa. Visitoe harufu ya mafundisho. Kitabu ambacho jalada lake la nyuma linaahidi kwamba kijana "atajifunza thamani ya uaminifu" ni kama dawa ya minyoo iliyopakwa sukari, na vijana wanaijua harufu yake toka mlangoni. Mwache asome kurasa mbili za kwanza za kila kimoja akiwa amesimama, aseme kipi anaondoka nacho. Viwili vilivyobaki usivirudishe rafuni siku hiyo.

Asipokimaliza, usimdai muhtasari na usimuulize kwa nini. Muulize aliachia ukurasa wa ngapi. Akiachia kabla ya wa 20, sauti ya msimulizi haikumwingia, kwa hiyo kinachofuata kiwe cha utanzu uleule ila kwa nafsi ya kwanza kama kile kilikuwa cha nafsi ya tatu, au kinyume chake. Akiachia katikati, hadithi ililegea. Mtafutie kifupi zaidi, chenye sura za kurasa 5 au 6. Akiachia karibu na mwisho, kwa kawaida kuna mhusika aliyekufa au mapenzi yaliyovunjika na hakutaka kuona yanavyoishia. Huyo usimbadilishie utanzu. Mpe kingine cha mwandishi yuleyule, na umdokeze mapema kama mhusika anayempenda anapona.